Karatasi Mbili za Kasisi

Kabla ya jambo lolote kutokea, hali ilikuwa hivi. Tulikuwa wanaume wawili wa kijiji kimoja cha nyanda za juu za Kivu Kusini, tukiishi katika nyumba moja ya kupanga upande wa kusini wa Louisville, mtaa wa Iroquois, na tukifanya kazi moja katika nyumba moja ya kutunzia wazee. Bahati alikuwa na mke, Nabintu, na watoto watatu. Mimi nilikuwa na chumba ambacho mwenye nyumba alikikusudia kuwa stoo, chenye dirisha lisilozidi upana wa gazeti lililokunjuliwa. Bahati aliacha shule darasa la sita. Mimi nilimaliza sekondari katika mchepuo wa Kilatini na falsafa, kisha nikafundisha Kilatini mjini Uvira kwa miaka kumi na mmoja, mpaka shule ilipofungwa na walimu wake wakatawanyika. Nyumba ya wazee haikutaka kujua habari za Kilatini. Ilitaka kujua kama migongo yetu ilikuwa mizima, na ilipoambiwa kwamba ni mizima ikatupa sare za rangi ya samawati na kutufundisha namna ya kumgeuza mzee kitandani bila kumuumiza. Huo ulikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na tano. Nilikuwa na miaka arobaini kasoro miwili, umri ambao mtu bado anaamini kwamba yaliyompata ni makosa ya muda na kwamba karibuni atatokea mwenye kuyasahihisha.

Nayaandika haya Columbus, ninakoishi sasa, wiki ya pili tangu nirudi kutoka Buffalo tulikomzika Bahati. Matanga yalikaliwa nyumbani kwake, mtaa wa Kensington-Bailey, viti vikiwa vimeazimwa kanisani na vyungu vimeazimwa kwa kila jirani mwenye vyungu. Nabintu aliniita jikoni, akaniomba niandike historia ya marehemu ya kusomwa kabla ya mahubiri, kama ilivyo desturi yetu. Niliandika kurasa mbili. Tarehe zake ni sahihi, majina ya wazazi ni sahihi, kambi alizopitia zimefuatana kama zilivyofuatana. Niliposoma, watu waliitikia kwa kichwa kila mahali panapostahili kuitikiwa. Hata hivyo, kuna mwaka mmoja nilioupitia kwa sentensi moja tu: kwamba marehemu alifanya kazi Louisville pamoja nami katika nyumba ya wazee. Sentensi hiyo haina kosa. Sura hii ni ya yale ambayo sentensi hiyo haikuyabeba.

Chumba cha Mama Edith kilikuwa cha mwisho upande wa kulia wa korido, karibu na kabati la mashuka. Alikuwa na miaka tisini na mmoja. Alizaliwa katika kijiji kidogo cha Uingereza, ambacho sitakitaja kwa sababu jamaa zake wangali huko, akaolewa na askari wa Kimarekani akiwa msichana, akaletwa Kentucky, na akabaki huko hata baada ya askari kufa. Wazee wengine walileta televisheni zao. Yeye alileta meza. Juu ya meza kulikuwa na boksi la kadibodi lililojaa nakala za karatasi za zamani ambazo mpwa wake alikuwa akimtumia kutoka Uingereza, lenzi yenye mpini wa pembe, na daftari tano alizokuwa akiandikia kwa mkono historia ya kijiji chake na kanisa lake. Siku ya kwanza nilipopangiwa chumba hicho, nilikuwa nikikunja shuka la chini huku jicho langu likiwa mezani, kwenye picha ya bamba la kaburi lililolazwa kwenye sakafu ya kanisa, na bila kukusudia nikayasoma maandishi yake kwa sauti: kwamba hapa amelala fulani, aliyekuwa kasisi wa mahali hapa, na kwamba apitaye aiombee roho yake. Mama Edith alikuwa akinywa uji wa shayiri. Aliweka kijiko chini.

"Umesoma nini hapo?" aliuliza.

"Kilatini, mama."

"Najua ni Kilatini. Nimekitazama miaka mitatu. Nauliza wewe umekisomea wapi."

Nilimwambia. Akaniamuru niliache shuka na niketi. Kuanzia siku ile aliniita Profesa, cheo nisichokuwa nacho wala sikukikataa, na kila zamu yangu ilipoisha, saa tisa alasiri, nilivua sare, nikanawa mikono, nikabaki chumbani kwake kwa saa moja. Alinipa chai yenye maziwa katika kikombe cha kaure chenye ufa uliogandishwa kwa gundi. Nilisoma, nikafasiri, yeye akaandika.

Hivyo ndivyo nilivyokijua kijiji kile kuliko nilivyolijua jiji nilimokuwa nikilala. Kilikuwa na nyumba kumi na tisa, kinu cha maji na kijito kilichokizungusha. Kanisa lilikaa mlimani, la mawe meusi madogo, na mnara wake ulikuwa mfupi kwa sababu, alivyoeleza Mama Edith, mawe yaliisha kabla ya watu kuishiwa na matumaini. Uani mwake palikuwa na mti wa mvinje mzee kuliko kuta zenyewe. Daftari la ubatizo na maziko lilianza kwa Kilatini, na kulikuwa na ukurasa mmoja wa mwaka wa tauni ambamo mwandiko wa kasisi unakatika katikati ya orodha ya wafu, kisha mwandiko mwingine unaendelea, na jina la kwanza unaloliandika ni la kasisi yule wa kwanza. Nilipomsomea ukurasa huo, Mama Edith alisema kwamba nimempa mtu ambaye kijiji chote kilikuwa kimempoteza. Sijui kama msomaji aliyewahi kuitwa mwalimu, kisha akaacha kuitwa, atahitaji kuelezwa sentensi hiyo ilinifanyia nini.

Walimu wangu walinifundisha kutenganisha maradhi mawili ambayo watu huyachanganya. Mwenye husuda huumia kwa kile alicho nacho mwenzake; mwenye wivu huumia kwa kile alicho nacho mwenyewe, akihofia kwamba kitachukuliwa. Mwezi wa Mei, nilipoingia chumba kile saa tisa na kumkuta Bahati ameketi kwenye kiti changu, mguu wa Mama Edith uko pajani mwake, anaukanda kwa mafuta huku yule bibi akicheka mpaka miwani imemshuka puani, nilishikwa na maradhi yote mawili kwa pamoja.

"Karibu, Mwalimu," Bahati alisema kwa Kiswahili chetu. "Ule mama iko ananiuliza kanisa yetu ya kule juu. Nimemuambia kengele yetu ilikuwa ngoma."

"Na mabati, Profesa!" Mama Edith aliniambia. "Kwamba wanawake waliyabeba mabati vichwani kutoka bondeni, siku tatu, wakiimba!"

"Siku mbili," nilisema.

"Tatu," Bahati alisema. "Ya kwanza walilala kwa mama mukubwa wangu. Mvua ilinyesha. Walilala chini ya ile mabati, donc hawakulowa."

Ilikuwa siku mbili. Nilikuwa na daftari la mchungaji wetu kichwani. Lakini Mama Edith alipunga mkono akasema siku tatu zinafaa zaidi, akachukua kalamu, akaandika. Katika historia ya kijiji chake, pembeni, aliandika jambo la kijiji chetu. Mimi niliyekuwa nimekusudia tangu ujana kuandika historia ya kanisa letu, na niliyekuwa nikiingoja siku nitakapokuwa na nyaraka za kutosha, nilisimama mlangoni mikono ikiwa bado na maji nikaona imeanza kuandikwa, kwa Kiingereza, na mtu asiyepata kuiona, kwa maneno ya mtu asiyejua kuhesabu siku mbili.

Tangu hapo nilianza kupeleleza. Nilijua Bahati anaingia saa ngapi na kutoka saa ngapi. Nilijua kwamba mimi hupewa mkono na yeye hupewa shavu. Kwamba mimi ni Profesa na yeye ni Bahati tu. Kwamba mimi hunyweshwa chai ya kaure, na yeye alikwisha kuombwa aiandae chai mwenyewe kama mtu wa nyumbani. Nilipokuwa nikisoma, Mama Edith alianza kunikatiza ili aniambie Bahati alisema nini juu ya jambo lilelile. Na Bahati, nakiri kwa usahihi unaostahili, hakuwa akifanya lolote. Alimuuliza tu: kijito kilinukaje asubuhi? Nani alikuwa wa kwanza kuingia kanisani na nani alichelewa? Mkate ulipikwa nyumba ipi? Maswali ambayo mimi nisingeyauliza, kwa kuwa majibu yake hayathibitishiki. Bibi yule aliyajibu kwa kurasa na kurasa.

Jioni tulikula pamoja, kama siku zote, katika sebule yenye kochi mbili za kupewa na kanisa na kalenda ya duka la Waarabu. Nabintu alirudi kutoka ghala la vifurushi alikofanya kazi, akavua viatu mlangoni, akasonga bugali, akapakua sombe, kisamvu cha kwetu, na dagaa tunaowaita ndagala. Watoto walizungumza Kiingereza kati yao. Mama yao aliwauliza kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiingereza, na hakuna aliyeshangaa. Mimi nilikuwa na nakala zangu kando ya sahani.

"Mwalimu, kula kwanza," Nabintu alisema. "Kilatini haitachacha. Sombe ndiyo itachacha."

"Muache," Bahati alisema. "Yeye na ule mama wanatafuta mufu mumoja alipotea kule Ulaya. Wakimupata watatuitia sherehe."

"Mfu gani?"

"Bon, wako wengi. Kijiji muzima. Mama Edith anawajua wote kwa majina, kama vile weye unajua wadeni wako."

Wote walicheka. Nilicheka nao, na nilipokuwa nikicheka nilijiuliza kama aliyatunga maneno hayo mwenyewe au kama yalikuwa mzaha wao wawili, wa chumbani mule, ulioletwa mezani kwangu ukiwa umekwisha kutumika.

Mwezi wa Septemba Mama Edith aliniambia kwamba kitabu kinakaribia. Mpwa wake alikuwa amempata mchapaji, nakala chache, za wanakijiji na za kanisa. Kilichobaki kilikuwa sura ya mafuriko. Kisha akasema, akiwa ameelekea dirishani, "Nataka pawe na jina la pili baada ya langu. Siwezi kudai kwamba nilifanya peke yangu. Nimekuwa nikifikiria jina la Bahati. Bila yeye nisingekumbuka nusu ya haya." Akageuka. "Wewe utanielewa, Profesa. Wewe umeshika karatasi. Yeye amenishika mimi."

Nilisema kwamba nimeelewa. Nikaosha kikombe, nikakikausha, nikakirudisha mahali pake. Kutoka pale hadi kituo cha basi nilihesabu kila mstari wa Kilatini niliomsomea tangu Februari. Kitabu kile kilikuwa karatasi ya kwanza, tangu Uvira, ambayo ingeweza kusema kwamba nilikuwa hai na kwamba nilijua jambo. Jina langu lilikuwa kwenye kadi ya ukimbizi, kwenye hati ya mshahara na kwenye sare. Nilitaka liwe pale. Nililitaka kwa nguvu ambayo sikuwahi kukitaka kitu kingine tangu nivuke mpaka, na sasa lilikuwa likipewa mtu ambaye hata asingejali kama limo au halimo.

Sura ya mafuriko ilikuwa fahari ya Mama Edith. Katika ukoo wake ilisimuliwa kwamba baba wa babu yake, mzee wa kanisa na mtunza ufunguo, aliwafungulia kanisa watu wa nyumba za bondeni kijito kilipofurika, wakalala kwenye mabenchi siku mbili. Aliiandika sura hiyo kwanza kabisa, kabla ya kijiji kuwa na mwanzo. Nilikuwa nikipitia nakala za daftari la maziko la mwaka huo wa mafuriko, lililoandikwa kwa Kiingereza, na nilikuwa nikizipitia kwa ajili ya ukamilifu tu, nilipoona mstari mwembamba wa Kilatini pembeni mwa majina ya mama mmoja na watoto wake watatu waliozama. Kasisi wa wakati huo aliandika kwa Kilatini mambo ambayo hakutaka waumini wake wayasome. Aliandika kwamba mama huyo alipanda mlimani usiku wa kwanza kuomba ufunguo, na mtunza ufunguo akamnyima, kwa sababu sakafu ya kanisa ilikuwa imewekwa upya wiki ile na alihofia matope. Kwamba mama alirudi bondeni na wanawe. Kwamba yeye kasisi, aliporejea siku ya pili, aliivunja kufuli kwa shoka, na hapo ndipo watu wakaingia. Mtunza ufunguo alitajwa kwa jina. Lilikuwa jina la ukoo wa Mama Edith.

Maneno hayo yalifika mwisho wa karatasi, na yakaendelea kwenye karatasi ya pili. Huko kasisi aliandika kwamba maji yalipopungua, mtu yule aliingia kijitoni mwenyewe, akawatoa wale wanne mmoja mmoja kwa mikono yake, akawachimbia kaburi bila kukubali msaada. Kwamba hakulifunga tena kanisa maisha yake yote, na kila majira ya mvua alihamia na godoro lake barazani mwa kanisa ili mwenye kuja akute mtu. Na kwamba yeye kasisi, aliyekuwa amekusudia kumvua cheo, amemwacha. Nilikaa na karatasi hizo mbili alasiri nzima ya Jumanne. Nilielewa kilichotokea. Ukoo wa Mama Edith haukusema uongo. Ulikuwa umeyakumbuka yale ya miaka thelathini ya mwisho, ukayarudisha nyuma kwenye usiku mmoja.

Kwetu, mdogo hamwambii mzee jambo zito uso kwa uso. Hutafutwa mtu ambaye mzee anampenda, akatumwa. Huyo hufika kana kwamba amepita tu, huketi, hunywa kitu, huanza mbali kwa habari za mifugo na mvua, na hulifikia neno lenyewe pale ambapo mzee amekwisha kuliona linakuja. Hii ni desturi ya heshima, na nimeona ikiokoa nyumba. Nilimtuma Bahati. Nilimwambia Jumatano, tukiwa mezani, kwamba nimegundua jambo kuhusu baba wa babu yake Mama Edith na kwamba si mahali pangu kulisema.

"Kwa nini mimi?" aliuliza.

"Kwa sababu wewe ndiwe anayekupenda."

Aliacha kula. "Ni neno mubaya sana?"

Nilimfasiria karatasi ya kwanza, neno kwa neno. Ya pili nilikuwa nimekwisha kuitoa kwenye boksi. Ilikuwa chumbani kwangu, ndani ya kamusi. Mpango wangu ulikuwa na ufasaha wa aina yake. Bahati angemvunja moyo, na mwenye kuleta pigo hupendwa kidogo kuliko alivyopendwa jana. Kisha mimi, baada ya mapumziko yangu ya Ijumaa hadi Jumapili, ningeingia Jumatatu na karatasi ya pili kana kwamba nimeipata wakati huo, na ningemrudishia baba wa babu yake akiwa mtu mzima zaidi kuliko alivyokuwa kabla. Ningekuwa yule aliyeponya.

"Pole, ule mama," Nabintu alisema, akikusanya sahani. "Kumbe hata kwao watu walikuwa wanafunga kanisa."

Alhamisi nilijipangia kazi ya kukunja taulo mbele ya kabati la mashuka, hatua kumi kutoka mlango wake, uliokuwa wazi. Kiingereza cha Bahati mwaka ule kilikuwa cha maneno machache, nami nakiweka hapa kwa Kiswahili. Alianza mbali, kama ipasavyo. Aliuliza kuhusu goti. Akasema mvua itanyesha. Akasimulia juu ya mzee mmoja wa kwetu aliyekataa kumpa mgeni moto. Mama Edith akasema, "Bahati, mtu anapozungumza hivi, kuna mtu amekufa. Ni nani?"

"Alikufa zamani, mama. Ni babu yako ya zamani. Ile ya ufunguo."

Akamwambia yote. Nilisikia kiti kikivutwa. Nilingoja sauti ya hasira. Niliingoja kwa hamu ambayo bado naikumbuka mwilini, vidole vikiwa ndani ya taulo. Nilichosikia ni kwikwi ya mtu mzee sana, isiyo na nguvu, na Bahati akirudia jina lake tu, Mama Edith, Mama Edith. Niliinama kidogo nikaona. Alikuwa amempigia magoti mbele ya kiti, na yule bibi ameushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili na kuubana kifuani. Pigo halikuwa limempunguzia upendo hata chembe. Lilikuwa limeuongeza.

Baadaye alisema, kwa sauti iliyotulia, "Na kasisi hakuandika zaidi? Hakuna kingine baada ya hapo?"

"Hapana, mama," Bahati alijibu. "Mwalimu haachagi neno. Kama iko, angeniambia."

Zilikuwa hatua kumi. Ningeweza kuzipiga nikiwa na taulo mikononi, nikasema kwamba kipo kingine, kiko nyumbani. Nimeipima nafasi hiyo mara nyingi, na sikuwa nimezuiwa na chochote isipokuwa kwamba mkono wake ulikuwa bado umeshikwa.

Ijumaa jioni Bahati aliporudi kutoka kazini alinikuta sebuleni. Aliketi kando yangu bila kuvua koti. Alisema Mama Edith amempigia simu mpwa wake mchana huo, yeye Bahati akamshikia simu sikioni, na amemsomea fungu jipya la sura ya mafuriko, lenye ukweli wote kama tulivyompa. "Aliambia ule kijana: usibadilishe hata neno moja. Alisema kama kanisa lilifungwa, waandike lilifungwa." Kisha akacheka kidogo, kama mwenye haya. "Alafu kaka, kuna kitu. Alitaka kuweka jina yangu kwa kitabu. Mimi! Nikamuambia, mama, mimi nilibeba tu maneno. Mwenye maneno ni Mwalimu. Weka yake. Akasema sawa. Sasa utaandikwa kule Ulaya, mukubwa. Nabintu! Kuja umupongeze Mwalimu!"

Nabintu alitoka jikoni akipiga vigelegele, unga ukiwa bado mikononi. Nilipongezwa. Niliuambia moyo wangu kwamba Jumatatu si mbali.

Jumapili, tukiwa kanisani, Mama Edith alipigwa na kiharusi. Jumatatu nilipoingia na karatasi ya pili mfukoni, alikuwa amelazwa ubavu, mdomo umekwenda upande mmoja, macho yakiwa wazi. Nilifunga mlango. Nilimsomea kwa Kiingereza, taratibu, jinsi mtu yule alivyoingia kijitoni, jinsi alivyochimba kaburi, jinsi alivyohamia na godoro barazani. Nilimsomea mara tatu. Alitazama midomo yangu kama mtu anavyotazama mvua kupitia dirisha. Bahati alifungua mlango akiwa na beseni la maji ya moto.

"Unamusomea nini?"

"Sala," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, akaweka beseni chini, akaanza kumwosha uso.

Mama Edith alifariki mwezi wa Novemba bila kusema tena. Kitabu kilichapishwa majira ya kuchipua ya mwaka uliofuata, na mpwa wake alinitumia nakala moja. Ukurasa wa pili unasema kwamba Kilatini kilisomwa na mimi, kwa jina langu kamili, na kwamba mwandishi aliuamini usahihi wangu katika kila jambo. Jina la Bahati halimo. Katika barua aliyoiambatisha, mpwa alieleza kwamba wanakijiji, ambao kila mwaka walikuwa wakimtaja mtunza ufunguo katika ibada ya kukumbuka mafuriko, walipokisoma kitabu waliacha kumtaja. Sikumjibu. Mwaka huohuo Bahati aliipeleka familia yake Buffalo kwa sababu Nabintu alikuwa na dada huko, nami nikahamia Columbus. Tulipigiana simu kila sikukuu. Hatukuwahi kugombana, na alifariki akiamini kwamba kasisi aliandika karatasi moja tu.